Hasira Haikutoboa Tumbo Langu

Lemara, Arusha

Mjukuu wangu Elinami,

Marahaba. Huku tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza kama kweli hasira huleta vidonda vya tumbo, maana chuoni mmefundishwa mengine. Swali hilo limenichemsha.

Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, mimi na babu yako tulifungua duka la nguo hizo mtaani Themi. Alipofariki, mdogo wake akachukua funguo za duka. Nilipiga kelele. Tumbo likaanza kuniuma, na daktari wa kliniki binafsi akaniambia, "Mama, hasira zako ndizo zinakutoboa. Nyamaza upone."

Nikanyamaza miaka minne. Sikupona.

Mwishowe, hospitalini walichukua kinyama kidogo cha tumboni mwangu, wakakitia kwenye dawa ya njano. Ikageuka pinki. Mtaalamu wa maabara akanieleza kwamba rangi hiyo inaonyesha kuna bakteria mwenye kimeng'enya kinachotengeneza amonia. Amonia hiyo hupunguza makali ya asidi iliyomzunguka, naye huishi humo akiharibu ukuta wa tumbo.

"Kwa hiyo siyo hasira?"

"Siyo, mama. Ni bakteria. Daktari atakupa dawa."

Nilizimeza zikaisha, nikaenda dukani. "Shemeji, lete funguo."

"Shemeji, hasira zitakurudishia vidonda."

"Vidonda vina dawa. Lete funguo!"

Wateja wote wakageuka. Akanipa.

Ile miaka minne hakuna aliyenirudishia. Nikiikumbuka nakasirika kweli, na tumbo haliumi hata kidogo.

Ni mimi bibi yako,
Ndeshi