Ufagio wa mulangoni

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimu kutoka Uvira. Tuko wazima, babu yako tu ndiye anakohoa kidogo, na shangazi yako amepata mutoto wa kike. Unaniuliza kama uongeze kufuli ya tatu, kwa kuwa wezi wamezidi huko kwenu.

Nilipoolewa, miaka ya hamsini, mutaa wetu haukuwa na kufuli. Ukienda kuanika ndagala, wale samaki wadogo, kando ya ziwa, unaegemeza ufagio mulangoni, na jirani anajua nyumba iko mikononi mwake. Miye nikanunua kufuli, nikajiona mujanja. Siku hiyo hiyo, muchana kweupe, mwizi akapitia dirishani akabeba sufuria zangu zote.

Jirani yangu, Mama Nabintu, alikuwa kwake anatwanga muhogo. Nikamuuliza kama hakuona muntu.

"Nilimuona anatoka nazo," akasema. "Lakini weye ulitufungia sisi wote. Nikafikiri nyumba yako si kazi yangu tena."

Kisha akaniazima sufuria yake, nipikie bwana wangu. Nililia nikiwasha moto.

Weka hiyo kufuli, Furaha. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, na sikuona humo jina la jirani hata mumoja.

Nyanya yako anayekuwaza.