Perege Walioingia Mtoni

Kanyakine,
Jumapili.

Mpwa wangu Halimah,

Assalaam aleikum. Natumaini Embu ni kuzuri na chuo hakijakukondesha. Sisi tu wazima. Mama yako kifua kimemwachilia. Kuhusu mimi, ujue tu kwamba siku hizi chifu hafungui mkutano wa mto kabla sijaketi, na hao wataalamu wa samaki wa chuo chenu, bila mimi, wangehesabu mawe.

Kwanza niliwashuku. Watu wazima wenye digrii wavue samaki, wampime kwa rula, kisha wamrudishe majini? Nikamwambia Igoki wa hoteli kwamba wanatafuta dhahabu. Akanicheka, akauliza ni dhahabu gani hupigwa picha mkia.

Ndipo kiongozi wenu, Bi Nasro, akanionyesha daftari la miaka thelathini iliyopita: kambare tele, na mikunga, wale samaki kama nyoka, warefu kuliko mkono wangu. Hesabu ya sasa: kambare wachache, mkunga hata mmoja hakuna, halafu perege, perege, perege. Akasema hao ni wageni, wanawabana wenyeji, na anataka kujua waliingiaje.

Nikasimama mbele ya baraza. Nikawasimulia yule mkunga niliyeshindana naye kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikasema perege ni wa Mbae. Nani mwingine ana bwawa la samaki? Na mbona lango lake lina kufuli mbili? Anaficha nini? Watu wakaguna. Mbae akajibu eti mimi hata mizani yangu ya nyama inahitaji shahidi. Wakacheka, lakini wakaniamini.

Sasa chifu amesema ripoti yenu ikimtaja Mbae, bwawa lifukiwe. Watoto wake wanasoma kwa hilo bwawa. Juzi mkewe, Gatwiri, alikuja buchani akanisalimia vizuri tu, akaniuliza kama namjua mtu wa kununua neti zao. Nyama nilimkatia vibaya.

Halimah, wewe ndiye unayeandika hiyo ripoti. Mfute Mbae. Ulipokuwa mdogo nilikuwa na bwawa la perege nyuma ya bucha, miaka ile tulipogawiwa vifaranga vya samaki. Niliwaambia fisi maji waliwamaliza. Nilidanganya. Nilizibua bomba mwenyewe, wote wakateremka mtoni. Andika jina langu, na chifu nitamwambia kwa mdomo wangu kesho asubuhi.

Utauliza kwa nini. Unajua nyanya yako alitulea akisema samaki na nyoka ni ndugu. Siku ya kuvua, mmoja alinirukia kifuani akanitazama bila kupepesa macho. Mimi, ninayeangusha fahali kwa Bismillahi moja, nilipiga mayowe nikapanda juu ya tangi la maji. Nawaogopa samaki, mpwa wangu. Mpaka leo.

Mke wangu Mwanamisi, aliyeniletea ngazi nishuke, anakusalimu sana.

Ni mimi mjomba wako,
Suleiman