Kona Waliyoinyoosha Sapiwi

Bariadi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba huku unatafuta miwani. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inakusaidia, au umeshamgawia jirani? Na kahawa, mmemaliza kuchuma au mvua imewawahi? Mimi nipo, nakula, homa sina. Ila nimejaa nyongo mpaka kooni, Mama. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningetukana, na simu yako inapokelewa na kila mtu mpaka wajukuu.

Bado nimepanga hapa mjini. Kila asubuhi gari la kazi linatupeleka upande wa Sapiwi, kwenye mashamba ya pamba. Udongo wa kule ni mweusi, mvua ikidondoka kidogo tu buti halinyanyuki. Watu ni wakarimu kupita kiasi. Ukipita asubuhi bila kusema "mwangaluka" umekosa adabu, na ukisema tu, unawekewa michembe, vile viazi vyao vya kukausha, na karanga. Watu hawa ndio tuliowafanyia uchafu ninaotaka kukusimulia.

Kazi yangu huwa unawaambia watu "anapima barabara" basi unaishia hapo. Iko hivi. Mhandisi anachora barabara kwenye kompyuta. Mchoro ule unahamishiwa kwenye mashine yangu ya kupimia, ile ninayotembea nayo juu ya fimbo, ndiyo inayoniambia kigingi nikipige wapi. Greda linafuata vigingi. Kwa hiyo kilichoingia kwenye mashine ndicho kitakachochimbwa, kiwe kizuri kiwe cha hovyo.

Kuna bibi mmoja pale Sapiwi, wanamwita Mayu Holo, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Barabara kwa mchoro wa kwanza ilikuwa inapita katikati ya uwanja wake, na uwanjani amezikwa mume wake na watoto wake wawili. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema fidia hataki, kuwahamisha hataki, anaomba tu barabara iwapishe. Ofisi ikakubali. Injinia Deo, mchoraji wetu, akainuka mbele ya wanakijiji wote, kofia mkononi, akasema, "Bibi, tutaweka kona. Hakuna atakayewagusa." Wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nikaenda kupima kila kaburi, pembe zote, ili kona izunguke vizuri. Na kweli aliichora, tena ilikuwa nzuri.

Sasa sikia upuuzi. Kona kwenye kompyuta ni mstari mmoja uliopinda. Ukitaka iingie kwenye mashine ikiwa kona, unauhamisha mstari mzima pamoja na mpindo wake. Mashine yetu ni ya siku nyingi, faili lile ililikataa, lilitakiwa kugeuzwa aina kwanza. Ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kikombe cha chai! Deo akaona uvivu. Akanitolea pointi tupu, tena za mbali mbali, akaniwekea kwenye flashi. Mashine ikipewa pointi mbili inaziunganisha kwa mstari ulionyooka, haina habari ya kona wala ya bibi. Nikafuata inavyoniambia, nikajikuta nimesimama kaburini.

Nilidhani nimekosea mimi. Nikarudi kwenye alama yetu ya zege kuhakiki, mashine ilikuwa sawa kabisa. Nikampigia Deo. Alikuwa anakula, Mama, nilimsikia anatafuna mfupa.

"Dada Wini, acha uswahili. Wewe piga vigingi."

"Deo, hiki kigingi kiko juu ya mtu."

"Si makaburi ya udongo tu hayo? Hayajajengewa. Ni mita chache hizo, tutarekebisha mbele ya safari."

Nilitema mate chini. Sijawahi kutema mate kazini. Nikang'oa vigingi vyote vya uwanjani kwa bibi, nikamwambia Masanja, msaidizi wangu, mtu wa hapo hapo Sapiwi, tunaenda mjini kuchukua data ya maana. Ofisini Deo akaniweka benchi nusu siku nzima, halafu akanipa flashi akitabasamu. Naifungua kwenye mashine: pointi zile zile! Alichobadilisha ni jina la faili. Ameandika "kona mpya." Mama, mtu amesomeshwa, ana mke, Jumapili anapokea Komunyo, halafu anafanya kitu kama hicho na kukutazama usoni.

Wakati nabishana naye, kumbe alishampigia dereva wa greda: kama vigingi vimekosekana hapo katikati, nyoosha kutoka kigingi cha huku mpaka cha kule. Dereva akanyoosha.

Tuliporudi vumbi lilikuwa bado halijatulia. Minyaa ya ua imelala, na uwanja ni mtupu, umesawazishwa. Vilima vya makaburi havipo. Wanawake walikuwa wanalia kwa sauti. Mayu Holo alikuwa halii. Alikuwa anatembea polepole anatazama chini, anarudi, anatazama tena. Nilitaka kukimbia, nakwambia kweli, nilitaka ardhi inimeze. Akaja kunishika mkono.

"Ng'wanawane, mwanangu, bado wamo?"

Nikamwambia wamo, greda limekwangua juu tu.

"Basi nioneshe. Sijui nimkanyage wapi na nimwache wapi."

Vipimo vya yale makaburi vilikuwa bado ndani ya mashine, kwa kuwa nilivipima mwenyewe na havikupita mikononi mwa Deo. Nikawasha. Masanja akashika nyundo. Tukapiga kigingi kila pembe. Kaburi la kwanza bibi akasema, "Huyu ni mume wangu." La pili akasema, "Minza." La tatu vigingi vilikaribiana sana, Mama. Lilikuwa fupi. Pale hakutaja jina, alipiga magoti akaweka kiganja katikati ya vile vigingi, na Masanja akageuka pembeni.

Jioni Deo akanipigia nivitoe, greda linarudi kumalizia. Nikamwambia aje aving'oe yeye. Hajaja, kwa sababu sungusungu wa kijiji wamekaa pale na fimbo zao, na dereva wa greda naye amegoma. Nimewaambia wakubwa kwamba sipigi kigingi kingine Sapiwi mpaka mstari uje mzima na kona yake. Wananiita mkorofi. Huenda wakanifukuza, kwa hiyo ukiniona nashuka kwenye basi na begi usishtuke, na usianze kuniombea kazi kwa watu wa parokia. Wananitia kinyaa, Mama. Hata chai yao siinywi.

Nisalimie shangazi mwenye duka, mwambie kitenge alichonituma sijakisahau. Msalimie shemeji, na wajukuu wako wote, hasa yule mtundu anayepokea simu na kukata. Mdogo wangu wa kidato cha nne mwambie asome, ila asijifunze kudharau watu.

Na kaka Festo mpe ujumbe huu leo leo, usingoje Jumapili. Lile kaburi la Baba pale nyuma kwenye kahawa, tunalosema kila mwaka tutalijengea, alijengee wiki hii. Atumie tofali zake za jiko, nitamlipa. Aandike jina kubwa, lisomeke mpaka barabarani.

Mwanao,
Winfrida