Mashuka Yaliyogeuka Njano

Maman Sidonie,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, hapa Nyalukemba. Mutoto amelala mugongoni, nguo ziko kwenye kamba, na kwa mara ya kwanza wiki hii hakuna mutu anayeniita. Basi nikasema niongee na wewe kidogo. Unisamehe nikikuita Sidonie. Najua serikali ilitubadilisha majina, na kwenye karatasi ulikuwa mwananchi, sitwayeni Nabintu, lakini pale lopitali, kwa wagonjwa wa moyo, hata daktari alikuwa anasahau. Huko uliko sidhani wanadai majina ya asili, ya otantisite.

Tangu tukuzike, mambo yamegeuka. Kazi ya lopitali nimeiacha kwanza kwa ajili ya huyu mutoto wa pili. Akianza kutembea nitarudi. Kwenye meza yako ya dawa amekaa kijana mupole, na sina la kumusema vibaya, ila anafunga chupa kwa nguvu sana, na wagonjwa wazee wanalalamika. Nimechoka, Maman. Usingizi wangu ni wa vipande vipande. Lakini moyo wangu umetulia, na nataka ujue kwa nini.

Papa mukwe wangu alishuka kutoka Kabare miguu imevimba, pumzi fupi, hawezi kulala bila kuegemea ukuta. Walimulaza, akapata nafuu, wakamutoa na dawa mbili: ile ya kukojoza, na digoksini ya kuupa moyo nguvu. Daktari akasema akae karibu na lopitali kwanza. Karibu ni kwetu. Akaja na mama mukwe, na mukeka, na fimbo yake.

Sasa wewe unajua namna sisi Bashi tulivyo. Mukamwana hamugusi baba ya bwana wake. Hakalii kiti chake, hataji jina lake, wakikutana mulangoni ni yeye anayegeuka. Na ni wewe uliyetufundisha kwamba digoksini haitoki kwenye chupa kabla vidole havijakaa kwenye mukono wa mugonjwa, dakika nzima, na mapigo yakiwa chini ya sitini, kidonge kinabaki ndani. Ulituambia digoksini inaufundisha moyo kupiga kwa nguvu na pole pole, lakini ikizidi kidogo tu, inaufundisha kusimama. Nakumbuka ulivyonipiga kofi dogo kwenye vidole siku niliyotaka kuhesabu nusu dakika na kuzidisha. Ukasema: "Moyo si hesabu ya sokoni."

Mwanzo haikuwa shida. Bwana wangu, Baba Amani, alikuwa anamupima baba yake asubuhi, ndipo anaenda kazini. Halafu kazi yake ikamutuma Kamituga, mvua ikaharibu barabara, akakwama kule. Mama mukwe hajui kusoma saa. Ndipo nikatafuta njia. Nikamuomba muzee ajishike mwenyewe kwenye mukono, na moyo ukipiga, agonge chini kwa fimbo. Mimi nasimama nyuma ya pazia na saa, nahesabu. Ko, ko, ko. Kila asubuhi sabini na kitu, safi kabisa. Namupa mama mukwe kidonge, anamupelekea. Nilijiona mwenye akili. Nilifikiri, Maman Sidonie angeniona angecheka.

Halafu muzee akaanza kukataa chakula. Alisema samaki sambaza bila chumvi ni chakula cha gereza, na mimi nikaona ana haki, hata mimi sizipendi bila chumvi. Ndizi mbivu nilizomuwekea hakuzigusa. Unakumbuka ulivyotuambia, dawa ya kukojoza inaosha mwilini kitu ambacho ndizi inarudisha, na kitu kile kikipungua digoksini inauma vibaya. Nikamueleza kupitia pazia. Akajibu kwamba ndizi mbivu ni za watoto. Mwanaume ndizi yake anakutana nayo kwenye pombe ya kasigisi. Zote alimupa Amani, mutoto wetu wa kwanza, na Amani hakukataa.

Halafu yakaja mashuka. Mama mukwe akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba muzee anauliza kama kwetu hatukufundishwa kufua. Mashuka yake, eti, ni ya njano. Niliumia, sikufichi. Nilikuwa nimeyafua na nguo za mutoto, mikono inawaka. Nikayachukua, nikayafua tena, nikayaanika juani. Yakarudi meupe. Muzee akayaangalia, akasema yamezidi njano, na maziwa pia, na hata ukuta.

Nilisimama pale na beseni. Nilikuwa na hasira, na jibu lilikuwa tayari mudomoni. Ndipo nikakusikia, Maman, kama vile unapita na sahani yako ya dawa: "Mugonjwa wa digoksini akikuambia dunia imekuwa njano, usibishane naye juu ya rangi."

Hachukui chakula. Anatapika asubuhi, nami nikalaumu sambaza. Anaona njano. Na fimbo inagonga sabini na kitu kila siku, sawa na jana, sawa na juzi, hata siku aliyotoka kupanda ngazi akihema. Moyo gani ule usiobadilika?

Niliweka beseni chini, nikafungua pazia, nikaingia.

Mama mukwe alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliniona nikikaribia kitanda, akasimama. "Mukamwana, unafanya nini?"

Nilipiga magoti, nikamuambia muzee: "Papa, unisamehe. Nakushika mukono." Na nikaushika.

Mukono wake ulikuwa baridi. Moyo ulikuwa unapiga, unangoja, unapiga, unakaa kimya mpaka unafikiri basi imekwisha, halafu unapiga tena. Dakika nzima, Maman, kama ulivyotaka. Ilikuwa mbali chini ya sitini.

Nikamuuliza pole pole: "Papa, na fimbo? Ulikuwa unagonga nini?"

Aligeuza uso ukutani. Akasema: "Wimbo wa kanisa. Ule wa kuingilia."

Tangu siku ya kwanza hakuwa ameupata moyo wake kwenye mukono. Alitafuta, hakusikia kitu, na angewezaje kumuambia mukamwana kwamba hajui pa kushika? Basi akagonga wimbo. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, na mukono wake bado ulikuwa ndani ya mukono wangu.

Yeye akataka kidonge chake. Saa yake ilikuwa imefika, na kidonge kile ndicho kilichomutoa kwenye miguu ya kuvimba, hiyo hakuisahau. Mama mukwe akasema kwanza nimemuvunjia heshima, sasa namunyima na dawa, ninataka afie kwangu? Maneno yale yaliniingia. Ningemupa, hakuna ambaye angenilaumu. Ningerudi nyuma ya pazia, na wote wangeridhika.

Nikafunga chupa kwenye pindo la kitenge changu. Nikawaambia: "Leo hapana. Hata mukikasirika wote wawili, leo hapana. Tunaenda lopitali."

Tulienda kwa gari ya jirani, mama mukwe mbele akiwa amenuna, mimi nyuma na mutoto kwenye titi na mukono wa muzee kwenye magoti yangu, kwa sababu niliona afazali nisiuachilie. Daktari alimusikiliza, akaangalia macho yake, akasema kidonge kimoja zaidi na tungekuwa tunaongea mambo mengine. Walisimamisha digoksini mpaka moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Baadaye wakamurudishia, nusu tu, na daktari mwenyewe akamuagiza ndizi. Kwa daktari, ndizi alikula.

Wakati ule wote nilijiuliza itakuwaje nyumbani. Baba Amani alirudi na matope mpaka magotini, akakuta mama yake analia. Muzee alipotoka lopitali, walikaa, wakaita na shangazi yake, kasigisi ikaletwa ili neno lile lisafishwe. Mimi nilikuwa jikoni na watoto, nasikia yote. Shangazi akauliza ni nani aliyemupa mwanamuke huyu ruhusa. Halafu nikasikia sauti ya muzee: "Mukono ni wangu. Nimemupa."

Wakanywa.

Tangu siku ile, asubuhi sipiti tena nyuma ya pazia. Anauweka mukono wake juu ya shuka, mimi napiga magoti, yeye anaangalia dirishani na mimi naangalia saa. Hatuongei. Heshima iko palepale, Maman, hata nadhani imeongezeka. Na mashuka sasa ni meupe, amekubali mwenyewe, ila anasema sabuni ya siku hizi haina harufu.

Jana wamerudi Kabare. Kwenye dispansere ya parokia kule iko sista mumoja atakayemupima kila asubuhi. Nimemuandikia daktari namna ilivyokuwa, naye amemutumia yule sista maagizo. Tuliwasindikiza mpaka kwenye gari. Watu walikuwa wamejaa, wakwe na jirani, magunia, mbuzi. Mama mukwe alinikumbatia kwanza, mutoto akabanwa katikati. Muzee akapanda, akakaa, halafu akautoa mukono dirishani, mbele ya watu wote, kiganja juu.

Shoferi akasema: "Muzee, tunaaga ao tunauza mukono?"

Muzee akamuambia angoje. Nikaushika. Sikuwa na saa, na sikuihitaji. Ulikuwa unapiga vizuri. Gari likangoja dakika nzima.

Basi, Maman Sidonie, hayo ndiyo yaliyonifanya nikae hapa. Mutoto anaanza kugeuka, atalia sasa hivi. Nitarudi kazini, na yule kijana wa meza yako nitamuonyesha kufunga chupa pole pole. Na wale wasichana wapya wakitaka kuhesabu nusu dakika, nakuahidi, vidole vyao nitavipiga mimi. Wewe pumzika, mama yangu. Hapa tunaendelea.

Mutoto wako wa kazi,
Mama Amani