Kabureta Iko Mtoni

Viola, shikilia pastor hapo Bungoma! Aombe, ahubiri, afanye chochote. Bibi harusi bado yuko Kamukuywa, kando ya barabara, na sisi wote wa msafara!

Ni ile pikipiki ya marehemu baba yake Wekoye. Si alikataa gari, ati lazima amtoe Jerop kwao Kitale na hiyo? Jana akaiwekea kabureta mpya.

Basi ikawa inatembea kidogo, inazima. Wekoye anafungua tenki, anachungulia, petroli iko. Anafunga, inawaka. Inatembea kidogo, inazima tena!

Jerop akamwambia, "Kila ukifungua hiyo tenki inavuta pumzi, fyuuu. Mbona?"

Unajua alijibu nini? "Wewe shika maua." Siku ya harusi, Viola! "Wewe shika maua!"

Kufika kwa daraja ikazima tena. Bwana harusi akatoa spana, akang'oa kabureta, akairusha mtoni. MTONI! Ati fundi alimuuzia takataka.

Jerop akaweka maua kando. Akafungua tenki, akatoa kipande cha nailoni chini ya kifuniko. Wekoye mwenyewe alikiweka asubuhi, petroli isirukie gauni. Kumbe kimeziba kashimo ka hewa kwa kifuniko, petroli haishuki! Kabureta haikuwa na shida yoyote bana.

Sasa Wekoye yuko ndani ya maji na suti, anapapasa matope. Jerop amesimama juu ya daraja, ameshika maua kama alivyoambiwa.

Saa hii Wekoye amepiga kelele, "Nimeipata!" Daraja lote likashangilia.

Ilikuwa jiwe.