Barometa ya Chupa ya Jemu

Jumatatu, 3 Juni
Imekamilika! Chupa ya jemu, puto limevutwa mdomoni, mrija umebandikwa katikati yake kwa gundi, umelala juu ya ukingo wa chupa kama mizani. Hewa ya nje ikikandamiza puto, ncha ya mrija inapanda — jua. Hewa ikilegea, ncha inashuka — mvua. Darasa zima lilipiga makofi. Nimeiweka dirishani waione wote. Mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa kunipima ualimu wangu. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi kwa shangazi kuuza viatu, na shangazi ana mdomo.

Jumanne, 4 Juni
Saa sita ncha ilishuka. Mvua! Mpishi wa shule akakimbia kuanua aproni zake. Haikunyesha. Nikasema imepita pembeni.

Jumatano, 5 Juni
Saa sita, ikashuka tena. Mwalimu mkuu, ambaye hata saa ya ukutani haiamini, ameiamini chupa ya jemu! Kila kipindi anapita kuichungulia, mikono nyuma, kama amekuja kumjulia hali mgonjwa. Ameamuru mkutano wa wazazi wa Ijumaa uhamie ukumbini. Eti sayansi imesema. Nilivimba kichwa, nakiri.

Alhamisi, 6 Juni
Msichana wa dawati la mbele — tunamwita Mama Hoja — kaniuliza mbona mvua yetu inatabiriwa saa sita tu, jua likifika dirishani. Nikamwambia swali zuri, aliandike daftarini. Kisha nikatoka nje nikaegemea ukuta.

Jua! Linapasha hewa iliyomo chupani, hewa inatanuka, puto linavimba, ncha inashuka. Siku tatu nzima napima joto la dirisha! Nikaificha chupa kabatini, nikaenda ofisini kuungama. Mwalimu mkuu yuko kwenye simu, anamsimulia mkaguzi kwamba shule yake sasa inatabiri hali ya hewa. Akakata simu, akaniuliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kuazima stepla.

Nimeiazima. Sina hata karatasi ya kubana! Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Jua la kupasua kichwa. Hakuna wingu hata la kusingizia. Wazazi wamebanana ukumbini, wanajipepea kwa ripoti za watoto wao. Mkaguzi, shati limemganda mgongoni, akauliza kwa nini hatukukaa nje. Mwalimu mkuu akanituma barometa.

Nikaapa: leo nasema. Nikaitoa kabatini, nikaikumbatia kwa viganja viwili vinavyowaka moto, jasho linanitoka mpaka vidoleni. Nikasimama mbele ya watu wote. Kabla sijafungua mdomo, ncha ikaanza kushuka. Taratibu. Inashuka!

Mwalimu mkuu akapaza sauti: "Mnaona wenyewe!" Wazazi wawili wakatazama dari. Mkaguzi hakuitazama ncha kabisa. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Naandika haya chumba cha walimu, mlango nimeurudisha. Mkaguzi ameagiza nimfuate ofisini sasa hivi, peke yangu, na barometa yangu. Nisiishike. Niibebe kwenye trei.