Kama Baba Yupo Huko

Kitinda mimba wetu mpendwa,

Huku kazi zipo. Cherehani yangu imeacha kukata uzi, na mwanangu ameota jino la kwanza, akalijaribia kwenye kidole changu. Mama ndiye hatoki tena kitandani.

Jumapili padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Mama akamzuia mkono.

“Nijibu kwanza, padri. Mume wangu alikufa hajabatizwa. Alikuwa akinisindikiza kanisani, kisha anakaa kwenye ngazi mpaka misa iishe. Huko niendako nitamkuta? Kama hayupo, sina haraka ya kwenda.”

Niliinama kwa aibu. Padri akavuta kiti, akakaa.

“Mama, funguo za huko sikupewa mimi. Lakini wewe ungekuwa mlangoni, ungemwacha nje?”

“Nimwache vipi? Si wangu?”

“Basi ni wa Mungu pia. Au unadhani wewe unampenda kumzidi aliyemuumba?”

Mama alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwinulia paji la uso apakwe. Tangu hapo moyo wake ni mwepesi, hata ananisema ninavyokunja shuka vibaya.

Daktari ametuambia tumpe tu kila anachopenda. Nilimuuliza mama nikuandikie nini. Akasema, “Mwambie asijisumbue na safari. Asiponikuta hapa, atatukuta sote wawili huko.”

Hayo ni maneno yake. Mimi nakuomba, mdogo wangu, njoo upesi.

Akupendaye hata usipojibu,
Dada Sindano